Saumu ya Muzungu

Wenzangu tuliokulia Kabambare wakati wa Bula-Matari, serikali ya Wabelgiji, tumebaki wa kuhesabika, na magoti yetu yanajua mvua kabla ya mawingu. Lakini nikisikia harufu ya mpunga mpya, walahi, narudi kuwa mtoto wa miaka minane. Nipo tena juu ya dungu shambani, nimeshika kombeo, naamia ndege mpaka sauti inakauka. Tulishindana nani atafukuza ndege wengi, na aliyeshindwa aliwabebea wote maji kutoka mtoni. Tulicheza mpira wa majani ya mgomba, tukaimba na kupiga miguu uwanjani mpaka vumbi likatupaka sote rangi moja. Jioni mama alipakua wali na sombe, majani ya muhogo yaliyotiwa mawese na karanga za kutwanga, sahani moja kubwa ya wote, na ole wako ukitia mkono kabla ya mkubwa wako. Wajukuu wangu leo kila mmoja ana sahani yake na simu yake. Ukimwuliza amekula nini, anakutazama kama umemwuliza hesabu.

Mkubwa wangu mimi alikuwa kaka yangu Saidi. Baba alifariki nikiwa bado nabebwa mgongoni, kwa hiyo Saidi ndiye alikuwa mwanaume wa nyumba, ingawa ndevu zake zilikuwa chache, ungeweza kuzipa majina. Ndiye aliyenitengenezea kombeo, ndiye aliyenivusha mto mabegani. Alikuwa na tabia ya kunivuta sikio badala ya kunisalimia. Nilimpenda kuliko mtu yeyote, namkosa hadi leo.

Sitaki vijana wadhani utoto wetu ulikuwa sukari tupu. Pamba ilikuwa ya lazima, barabara ya lazima, na ukichelewa, fimbo nayo ya lazima. Miaka ile Wazungu walikuwa wanapigana vita yao huko kwao, wakataka kila kitu kutoka kwetu: mpunga, pamba, utomvu wa mpira wa porini, na zaidi ya vyote watu wa kuchimba dhahabu. Kapita, msimamizi wa kijiji, alipita nyumba kwa nyumba akitaja majina, na wale wasiooa ndio walioanza kutajwa. Waliokwenda machimboni, wengine walirudi wanakohoa, wengine hawakurudi. Jina la Saidi lilitajwa wakati mpunga ulipoanza kuchanua.

Lakini kampuni haikuchukua kila mtu. Pale posti, kituo cha serikali, palikuwa na mizani, na munganga, daktari wao, aliwapima vijana uzito, mmoja mmoja. Aliyepungua alirudishwa kwao, wala hakuitwa tena mwaka huo. Akina mama walilijua hilo, wakapata dawa yao: kuwanyima watoto wao chakula. Katika kijiji chetu ungewaona vijana wanakonda wakati wa mavuno, na mama zao wanasema ni minyoo. Sisi Waislamu tulikuwa na njia nzuri zaidi. Mama aliwatangazia majirani kwamba Saidi analipa siku za Ramazani alizokosa kwa homa. Kapita naye alikuwa Mwislamu. Angefanya nini? Angemkataza mtu kufunga?

Mimi haya nimeyajua baadaye. Wakati ule sikuambiwa kitu, maana mama alikuwa na msemo wake, "Kinywa cha mutoto hakina mulango." Nilichokiona ni kaka yangu kufunga kutwa nzima, na jioni kupewa maji ya sombe na tonge moja la bugali. Akinyoosha mkono kwa la pili, mama anavuta sahani. "Inatosha, baba. Vumilia." Halafu mama anageuka kando, na yeye mwenyewe hali. Niliona mama yangu amekuwa katili, nikamchukia kimoyomoyo.

Siku moja mchana Saidi alikuja kwenye dungu langu. Alikaa chini, macho yake hayaondoki kwenye kitambaa nilichofungia karanga zangu za kukaanga. Hakuwahi kuniomba kitu maishani mwake.

"Dada mudogo, nipe kidogo tu."

"Lakini umefunga!"

Akacheka, cheko la mtu asiye na nguvu. "Hii si saumu ya Mungu. Hii iko saumu ya Muzungu. Mungu hatakasirika."

Sikuelewa maana yake, nami sikuuliza. Nilimpa zote. Kesho yake nilichota nyingine kwenye chungu cha mama, nikaongeza ndizi mbivu, na keshokutwa vilevile, mpaka siku ya mwisho. Alikuwa anakula huku anaangalia njia, kisha ananivuta sikio na kuondoka. Jamani, nilivyojisikia! Nilijiona mtu mkubwa, mimi ninayemlisha kaka.

Siku ya mizani tulikwenda sote posti. Wanawake walisimama nje ya uzio wa miti. Kila kijana aliyeonekana mwepesi na kurudishwa, mama yake alijiziba mdomo kwa kitambaa ili Muzungu asione furaha. Watatu wa kijiji chetu walirudishwa hivyo. Saidi akapanda. Munganga aliinama, akasogeza kile chuma, akakirudisha, akakisogeza tena.

"Huyu amefika palepale," akasema. "Anafaa."

Mama alipiga kelele ambayo sijaisikia tena popote. "Hapana! Mupime tena, baba! Mutoto huyu iko mugonjwa!"

Wakampima tena. Palepale. Wakamvalisha kibati chenye namba shingoni, wakampa blanketi. Ndipo nilipoelewa. Sikufundishwa na mtu, nilielewa tu. Saidi alipita karibu na uzio, akapenyeza mkono, akanivuta sikio. "Usilie. Nitarudi mbele ya mpunga mwingine." Kama alinilaumu, hakuonyesha.

Mpunga mwingine ulifika, na wa pili ukafika. Kisha akaja mtu kutoka machimboni upande wa Salamabila, anakohoa, akamwambia mama kwamba udongo wa shimo uliwaangukia watu saba, na Saidi alikuwa mmoja wao. Hawakufukuliwa. Tulifanya matanga bila maiti na bila kaburi.

Tangu siku ile mama hakula wali tena. Alhamisi moja, kabla ya mizani, alimwonea Saidi huruma akampa sahani ya wali wenye mawese, mara moja tu katika mwezi mzima. Basi akajihukumu kwa sahani hiyo. Kila mavuno alirudia, hata mbele ya wageni, "Ni ule wali. Mikono yangu mwenyewe ilimupeleka." Mashangazi walimbembeleza, shehe alimwombea dua, haikusaidia. Na mimi nimekaa pale, nazijua karanga, nazijua ndizi, najua ni siku ngapi. Nilinyamaza nikiwa na miaka minane, nikanyamaza nikiwa na watoto wangu mwenyewe. Niliogopa asinipende. Tulihamia Kasongo, akazeeka, nikamlisha kwa kijiko, na bado sikusema. Nilimzika na uongo wangu, Mungu anisamehe.

Mwezi uliopita mjukuu wangu alikuja kuniaga. Anakwenda Salamabila kuchimba. Hakuna kapita aliyemwita, hakuna aliyempima. Watu watatu juu ya moto moja, hizi pikipiki, mziki unalia, marashi yananuka mpaka barabarani, na hao hao ukiwatuma sokoni kwa miguu wanasema ni mbali. Enzi zetu tuliwanyima vijana chakula ili dhahabu isiwachukue. Leo wanaifuata wenyewe, kwa sababu nyumbani chakula hakuna.

Nilimpikia wali wote uliokuwamo ndani. Alikula mpaka jasho likamtoka, akaniangalia, akacheka. "Koko, mbona unalia? Nimemaliza na ya kwako?"

Moyoni nilikuwa nasema na mama yangu. Haukuwa wali wako, mama. Ni mimi.