Mtafsiri wa Mama Taa

Mama Adelaïde hajawahi kugusa mashine ya michezo maishani mwake. Lakini ukiniuliza mimi nani hodari wa mchezo hapa Pinga, nitakutajia yeye, kisha nitaondoka haraka kabla hajanitupia mwiko. Ana kazi mbili: anakaanga mandazi mbele ya nyumba yangu, na anatafsiri kanisani. Mimi naitwa Prince. Nina plaki nne za jua juu ya bati, nachaji simu za watu, na alasiri, jua likiwa bado na nguvu, nawasha televisheni ili wanaongoja simu zao wasinisumbue kwa maswali. Wananisumbua vilevile.

Kuhusu kutafsiri, ngoja niseme jambo moja. Wahubiri wa mjini huhubiri kwa Kifaransa, na Mama Adelaïde husimama kando yao akigeuza maneno kwa Kiswahili. Kugeuza kweli. Siku moja mgeni alisema msamaha wa Mungu ni mweupe kama theluji. Mama akaona, theluji nani ameiona hapa? Akawaambia watu kwamba msamaha wa Mungu unashuka kama mvua ya mawe juu ya maharage. Sasa wiki ileile mvua ya mawe ilikuwa imepiga mashamba ya nusu ya waumini. Watu walilia, wengine walipiga magoti kabisa. Mhubiri alirudi mjini akisema hajaona kanisa lenye toba kama letu.

Kwa hiyo spika za televisheni yangu zilipokufa, na mchezo tulioupenda ukabaki na maandishi ya Kifaransa tu chini ya picha, hatukuhangaika. Mtafsiri alikuwa hapo mlangoni na kikapu chake.

Mchezo wenyewe ni wa shujaa mwenye upanga anayetembea katika nchi isiyokuwepo. Ana njia nyingi, lakini zote zinaishia kwenye daraja moja, na juu ya daraja anasimama mwanamke aliyefunika uso, ameshika taa tatu. Sisi tunamwita Mama Taa. Ukifika, anakupa mambo mawili uchague moja. Ukishachagua anapuliza taa moja, na chochote kilichokuwa kinaangazwa na taa ile kinapotea duniani. Hakuambii ni nini. Utajionea mwenyewe mbele ya safari. Taa ya kwanza ilipozimwa, kijiji kizima cha wachunga mbuzi kilitoweka. Ya pili ilipozimwa, ndugu wa shujaa alikutana naye sokoni akamuuliza, wewe nani?

Vijana walimwita mchawi. Mama Adelaïde alikataa.

"Huyu mama haiko na roho mubaya," alisema. "Iko nachoka tu. Kila siku bantu banakuya kumuuliza mambo yenye banajua tayari. Na kitambaa yake, nani alimufunga vile?"

Mwenye kushika manette, kile kidude cha kuchezea, siku zote alikuwa Darius, dereva wa pikipiki wa njia ya Mpofi, mtoto wa Masisi aliyekuja kwetu kutafuta maisha. Darius huvuka matope yanayofika magotini huku akipiga mluzi. Lakini muulize kama atakula maharage au sombe, utalala njaa wewe uliyeuliza. Alipobakiwa na taa moja, aliogopa kurudi kwenye daraja. Miezi miwili mizima shujaa wake, mwenye upanga wa moto na farasi mweupe, alichuma majani ya dawa porini na kuyauza sokoni. Tukawa tunaangalia biashara ya majani.

Na daraja halikuwa la kwenye televisheni tu. Darius alimpenda Gentille, binti wa Mama Adelaïde, mwalimu wa darasa la pili, na Gentille alimpenda yeye. Pinga nzima ilijua, hata mbwa. Kilichobaki ni Darius kuleta wazee wake kubisha hodi, na hapo ndipo alipokuwa anachuma majani. Mara avunje ukimya na baba yake, mara pikipiki ipate tairi mpya kwanza, mara mvua ipungue. Mvua ya kwetu ipungue!

Mama Adelaïde angefanya nini? Kwetu mama wa binti haongei na mkwe ovyo. Hampi mkono, hali mbele yake, hakai naye kiti kwa kiti. Kumwambia kijana njoo uoe binti yangu, hiyo ni aibu ambayo hata wajukuu wataisikia. Tangu watu walipoanza kuwataja Darius na Gentille pamoja, Mama alihamisha kiti chake nyuma ya nguzo ya mlango wangu. Aliona televisheni, hakumwona Darius. Maneno ya Mama Taa aliyatoa kutoka huko nyuma ya nguzo, kwa sauti ileile ya kanisani, na kwa muda ule mambo yalikwenda vizuri, maana aliyesema si yeye, alikuwa Mama Taa.

Jumatano moja alikuja bila kikapu. Nikajua kuna neno. Papa Hubert, shemeji yake, ambaye tangu mume wa Mama afariki ndiye mwenye sauti juu ya watoto, alikuwa amemwambia asubuhi kwamba familia moja ya Buleusa itafika Jumapili kumposa Gentille. Watu wazuri, wenye shamba. Papa Hubert hakuwa na ubaya wowote; kwake yeye, anayebisha hodi kwanza ndiye anayejibiwa, na binti wa miaka ishirini na sita si wa kuwekwa akiba. Chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako.

"Prince," Mama alisema akiwa nyuma ya nguzo, "ambia mwenye kucheza, leo aende kwa daraja."

Darius aliyekuwa hatua mbili kutoka kwake alinitazama mimi, kana kwamba mimi ndiye niliyepandwa na wazimu.

"Umesikia," nikamwambia. "Nenda."

Akaenda, pole pole, farasi akinusa kila jani. Mama Taa alikuwa pale pale na taa yake moja. Maandishi yakatokea chini. Kifaransa changu kinaishia kwenye bei za vitu, lakini kuhesabu najua: ulikuwa mstari mmoja, tena mfupi. Mama Adelaïde akakohoa, akaanza.

"Mama Taa anasema hivi. We kijana, nimekungojea mpaka miguu inavimba. Sikia sasa. Kuko bantu ya Buleusa banakuya siku ya yenga na kreti mbili ya soda. Kama mpaka siku ya posho baba yako hajagonga mulango, hii taa nitaipuliza, na ule mwanamuke hautamuona tena. Usiniulize mwanamuke gani. Tena anasema mulango iko ya bleu, karibu na kanisa."

Yenga ni Jumapili, posho ni Jumamosi; zilikuwa zimebaki siku tatu. Kisha mzee mmoja aliyekuwa anangoja simu yake akauliza kwa adabu kabisa:

"Mama, mu muchezo nako kuko Buleusa?"

"Buleusa iko kila fasi," Mama akajibu.

Watu waliangua kicheko mpaka mmoja akaangusha simu ya mwenzake. Darius hakucheka. Aliweka manette chini, hakubonyeza chochote, akasimama mbele ya televisheni na kuiambia, "Nimesikia." Akatoka. Tukasikia pikipiki ikiwaka.

Mama Adelaïde alibaki nyuma ya nguzo na uso ndani ya kitenge.

"Nimeharibu, Prince. Mama haombake mukwe. Nimemufukuza."

Nilitaka kumtania, nikashindwa. Mdomo huponza kichwa, na wa kwake ulikuwa umeponza cha bintiye.

Alhamisi Darius hakuonekana. Madereva wenzake walisema hakwenda Mpofi. Mandazi ya Ijumaa yaliungua, na watu waliyanunua kwa huruma. Jioni hiyo kabla jua halijazama, Gentille alikuja kwangu amekunja uso.

"Kaka Prince, mama alisema nini hapa?"

Nikamweleza yote, hadi mlango wao wa buluu. Alikaa kwenye kiti cha Darius, akacheka, halafu katikati ya kicheko akaanza kulia.

"Kaka, Darius anajua Kifaransa. Iko na diplome. Alifundishaka sekondere kule Masisi mbele ya kununua pikipiki."

Nikakaa na mimi. Miezi minane kijana yule alikuwa akisoma kila neno kwenye televisheni yangu, na kila siku akangoja kwa heshima mama wa watu atafsiri. Alijua tangu mwanzo zipi ni za Mama Taa na zipi ni za Mama Adelaïde. Basi Jumatano alijua vizuri nani amemwita. Na kijana akishajua kwamba mama wa binti amemwomba kwa kinywa chake, mbele ya watu kumi na wawili, anaweza kumdharau yeye na bintiye na kwenda zake. Hilo ndilo lililomliza Gentille.

"Usimuambie mama," alisema.

Sikumwambia. Usiku huo niliomba Mungu kwa ajili ya dereva wa pikipiki, jambo ambalo sikulitarajia maishani.

Jumamosi mvua ilinyesha tangu alfajiri. Saa nne pikipiki tatu zilipanda kilima cha kanisa, zote rangi moja, rangi ya matope. Juu ya ya kwanza alikuwa Darius, na nyuma yake mzee amekaa wima amevaa koti na kofia, akishikilia mwavuli uliokwisha kugeuka ndani nje. Alikuwa baba yake, Papa Esdras, mkulima wa maharage. Siku mbili njiani, na mzee hajawahi kupanda pikipiki.

Papa Hubert aliniita niwe shahidi. Tulipokwisha kukaa, Papa Esdras alisimama na viatu vyake vikilia maji.

"Mutoto wangu ametuambia aliitwa," alisema. "Kwetu, muntu akiitwa, anaitika."

"Aliitwa na nani?" Papa Hubert akauliza.

Mzee alitazama ukuta wa jikoni, ambao nyuma yake Mama Adelaïde alikuwa amesimama.

"Na mwenye taa."

Papa Hubert, ambaye hajawahi kukanyaga kwangu na anadhani michezo ni ya watoto, alifikiri ni methali ya Masisi. Akatikisa kichwa taratibu kama mtu mwenye hekima na kusema, "Kweli kabisa." Mambo yakaenda. Kabla ya adhuhuri Gentille aliitwa, akaulizwa kama anamjua mgeni huyu, akasema anamjua. Mtu alitumwa Buleusa na maneno mazuri.

Nilifurahi sana, nasema wazi. Nilidhani hadithi imekwisha.

Jumatatu alasiri Darius alirudi, akashika manette. Kiti cha nyuma ya nguzo kilikuwa kitupu. Mama Adelaïde alikuwa amehamisha karai yake ng'ambo ya soko, maana sasa Darius ni mkwe kweli, si wa kusemwasemwa. Akipita, Mama anageukia ukuta. Nguzo haitoshi tena.

Nilimwambia Darius atusomee yeye, maana siri yake ya Kifaransa nilikuwa nayo. Akasoma alichosema Mama Taa siku ile, neno kwa neno: "Chagua."

"Njo hivyo tu?" yule mzee wa simu akauliza.

"Njo hivyo tu."

Tulichukia mchezo ule papo hapo. Darius mwenyewe aliangalia televisheni kidogo, akazima, akaenda kubeba abiria.

Nilivuka soko kununua mandazi. Mama Adelaïde alikuwa anageuza yaliyomo kwenye karai, macho ndani ya mafuta.

"Alibonyeza?" akaniuliza.

"Hapana, Mama. Anasema bila mutafsiri haina utamu."

Hakucheka. Alitoa mandazi, akayahesabu kwenye karatasi, akayahesabu tena. Nilimwambia afurahi, amepata alichotaka, mkwe mwema, binti anaimba nyumba nzima.

"Niko nafurahi," alisema. "Lakini ule mutoto alifika hapa peke yake, haiko na mama, na mi njo nilikuwa namuangaliaka. Sasa siwezi hata kumuuliza kama amekula."