Nyumba Tuliyoiacha Wazi

Binti yangu alichagua kujifungulia nyumbani, huko milimani Magamba, katika chumba alimozaliwa marehemu baba yake. Mimi nilitaka hospitali ya mjini Lushoto. Nilikuwa nimesoma kila kijitabu cha uzazi nilichokipata, nikamweleza hatari za mimba ya kwanza. Alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Mama, bibi alizaa wote humu na hakupoteza hata mmoja." Bibi huyo, mama mkwe wangu, alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Tangu hapo tulibaki wawili tu, mimi na binti yangu; mume wa binti yuko kazini Tanga.

Tulikubaliana jambo moja: mkunga wa kijijini akisema twende hospitali, tutakwenda bila ubishi.

Siku uchungu ulipoanza, mkunga alikuja asubuhi, ukungu ukiwa umeshuka hadi kwenye migomba.

"Shikamoo, bibi," nikamwamkia.

"Marahaba. Umefungua?"

Kwa desturi ya wazee wa kwetu, uchungu ukianza hakuna kinachobaki kimefungwa nyumbani, mtoto asije akaikuta njia imezibwa. Nilifungua milango, madirisha, sanduku, mifuko ya maharage. Nikafungua kamba ya mbuzi. Mkunga alimfumua binti yangu nywele.

"Hata sufuria ya kiporo?" nikauliza.

"Hata hiyo. Mjukuu wako asije akasema bibi yake mchoyo."

Ukungu uliingia ukakaa nasi. Uchungu ulikuja na kuondoka bila kusogeza chochote. Mara mkunga akainua kichwa, akatazama mlangoni kama mtu anayesubiri mgeni amalize kuvua viatu.

"Kuna nini, bibi?"

"Kuna kitu bado kimefungwa."

Nikaizunguka nyumba chumba kwa chumba, nikigusa kila kifuniko na kila fundo. Vyote vilikuwa wazi. Kwenye mlango wa uani palinukia ugoro, na aliyekuwa akinusa ugoro kwetu ni mama mkwe peke yake.

Nilipomweleza mkunga, alipapasa tumbo la binti yangu tena, akatega sikio.

"Basi kilichofungwa hakiko nyumbani humu. Ita gari."

Binti yangu akalia, kwa mara ya kwanza siku ile. "Bibi, si ulisema nitazalia hapa?"

"Nilisema tufungue. Tumefungua. Sasa wenzangu wa mjini nao wafungue kwa njia yao."

Tulipotoka nilinyoosha mkono kuvuta mlango. Mkunga akaushika. "Hakuna kufunga mpaka mtoto alie." Tukaiacha nyumba wazi, haina mtu.

Mtoto alitolewa kwa upasuaji mchana ule. Kichwa kilikuwa kimekwama, na daktari alisema tungechelewa kidogo tu tungempoteza.

Kabla jua halijazama nilirudi na mkunga kuchukua kanga na nguo. Madirisha yote yalikuwa yamefungwa. Mbuzi alikuwa kwenye kamba yake. Nikasukuma mlango wa mbele, kisha wa uani. Yote miwili ilikuwa imekomewa. Komeo letu ni gogo linalowekwa kutoka ndani. Upepo unaweza kusukuma mlango, hauwezi kuinua gogo.

"Piga hodi," mkunga akasema.

"Nani ataitikia?"

"Wewe piga. Mweleze habari za huko."

Nikapiga hodi nyumbani kwangu. Nikasema mtoto ni wa kike, amelia, na mama yake ni mzima.

Ndani nikasikia gogo likitolewa, taratibu, jinsi anavyolitoa mtu mzee.