Lawama za Meneja

Mshona mapazia aliolewa na fundi kufuli, na kwa miaka mingi ya ndoa yao hakuwahi kuamka akakuta mlango wa nyumba yake uko wazi. Mumewe alikuwa na desturi yake. Akivuta komeo, awe anafunga au anafungua, lazima alisukume mpaka mwisho, kisha akilaze chini kile kishikio chake, kisha akigonge kwa kidole mara moja, kama anayemwambia mtoto atulie. Hata akiwa na homa. Hata wakiwa wamenuniana, na siku za kununiana hazikukosekana, komeo lililazwa kwa adabu ileile. Basi mtu wa namna hiyo ndiye aliyekwenda kujitafutia farasi anayefungua milango.

Alimpata kazini. Kulikuwa na kiwanja cha michezo ya watoto ambacho mmiliki wake alikuwa anakifunga na kuhama, na katika pilikapilika za kuhama funguo za lango zilipotea. Fundi akaitwa. Alipofungua lango akamkuta farasi wa ile aina isiyokua, kimo chake hakipiti meza ya kulia chakula, tumbo limemjaa, nywele za utosini zimemfunika macho. Kichwa chake kilikuwa ndani ya kidirisha cha kukatia tiketi, akitafuna mto wa kiti bila wasiwasi wowote.

"Si ulisema umemfungia bandani?" fundi aliuliza.

"Nilimfungia," mwenye kiwanja akajibu, sauti imechoka kabisa. "Hakuna komeo linalomweza huyo. Mchukue, fundi. Nakuomba, mchukue tu."

Fundi alirudi nyumbani kwa miguu, begi la vifaa begani na kamba mkononi, na nyuma yake farasi akinusa kila lango la mtaa. Mkewe alikuwa mlangoni na futi ya kupimia shingoni.

"Mke wangu, nimekuletea mgeni."

"Mgeni huyo atalala wapi?"

"Uani. Nitamwekea komeo."

Baadaye walilikumbuka neno hilo wakacheka mpaka machozi. Komeo la kwanza lilifunguliwa fundi akiwa bado anaokota misumari chini. La pili lilikuwa na pini na mnyororo. Farasi akaing'oa pini kwa meno na kuifukia kwenye nyasi zake. La tatu lilimchukua asubuhi nzima, kisha akaingia karakana na kumpumulia fundi kisogoni.

Walimwita Meneja, kwa sababu kila kukicha alikuwa na ukaguzi. Atanusa ndoo. Atachungulia karakana. Atatia pua kwenye kapu la vitambaa, kisha atatikisa kichwa kama mtu asiyeridhika na kazi ya vijana wa siku hizi. Alikuwa akifungua kamba za aproni ya mshona mapazia kila alipoinama, na akigeuka kumkemea humkuta ametazama kando, amejitia hamnazo. Mteja mmoja mwenye kipara alivuliwa kofia mbele za watu, na kofia ikapelekwa hadi kwenye pipa la maji. Siku nyingine mshona mapazia alianika pazia jeupe la mteja, refu la kushuka hadi chini, na Meneja akalipitia katikati, akaja nalo kichwani, hatua za taratibu, mfano wa bibi harusi. Mwanamke alipiga kelele. Mumewe aliketi sakafuni kwa kicheko, akashindwa kuinuka.

"Wenzangu wana watoto watundu," mkewe alisema akikunja pazia la kufuliwa upya. "Mimi nina mume na farasi."

Ukweli ni kwamba fundi angeweza kumshinda. Alitengeneza komeo moja ndani ya kisanduku cha bati, lililohitaji kubonyezwa na kuzungushwa kwa wakati mmoja, na hilo Meneja alilihangaikia hadi akalipa mgongo. Lakini fundi alilitumia siku za wageni tu. Siku nyingine zote aliweka la kawaida. Alipenda kushindwa na yule mnyama. Ndivyo mkewe alivyoona, na hakumlaumu.

Kisha mambo yakaanza kuharibika kidogo kidogo. Asubuhi lango liko wazi. Bomba la uani linamwaga maji na ndoo imefurika. Miwani ya fundi imeonekana ndani ya nyasi. "Meneja!" fundi anafoka, na mkewe naye anafoka, na Meneja anawatazama wote wawili akitafuna. Nani angemshuku mwingine, na mhalifu yupo pale, ana sifa mtaa mzima?

Asubuhi moja mshona mapazia aliamka akakuta mlango wa nyuma wazi kabisa na Meneja amesimama jikoni. Akamsukuma nje, akainama kufunga. Mkono wake ukasita hapo hapo. Meneja akifungua komeo huliacha limelowa mate, kishikio kimesimama ovyo. Hili lilikuwa kavu. Limesukumwa mpaka mwisho, na kishikio kimelazwa chini.

Alikuwa bado ameinama aliposikia sauti ya mumewe nyuma yake. "Ni yule tena?"

Lilikuwa swali, lakini yeye alisikia ombi ndani yake, na mumewe hakuwa mtu wa kuomba. Akashika pembe ya aproni yake, akalifuta lile komeo kavu, akalifuta vizuri kabisa.

"Ni yule," akasema. "Limejaa mate."

Tangu siku hiyo Meneja alibeba mengi. Funguo za mteja zilipokutwa ndani ya kopo la unga, kopo likiwa limefunikwa na kifuniko chake, ni Meneja. Chai ilipotiwa chumvi, ni Meneja. Fundi alimwita na kumsomea makosa yake mbele ya karakana, kidole juu, uso umekunjwa, na mshtakiwa wakati huo akitafuna mkono wa shati lake. Mshona mapazia aliwatazama kutoka kwenye cherehani. Zamani angecheka. Sasa aliogopa. Hakumwambia mtu, kwa sababu kusema kungekuwa sawa na kumvua mumewe nguo barabarani. Mtu ambaye mtaa mzima ulimkabidhi milango yake! Mtu huyo aambiwe hawezi kukumbuka wake mwenyewe?

Halafu likaja la gesi. Alikuwa amekwenda kutundika mapazia kwa mteja, na aliporudi alikuta madirisha yote ya nyumba yamefunguliwa na jirani wa ukuta wa pili amesimama uani na kitambaa puani. Jirani ndiye aliyesikia harufu, akaingia, akafunga jiko. Fundi alikuwa amekaa chini kando ya Meneja, ameshika tama, uso hauna damu.

"Nani aliyefungua gesi?" jirani aliuliza. "Mngelipuka nyote na sisi pamoja nanyi!"

Fundi alimtazama mkewe.

"Ni huyu farasi," mkewe alisema. "Ana tabia ya kusukumasukuma vitu kwa pua."

Jirani alimpigia simu binti yao jioni ile ile. Binti alikuwa anafundisha watu udereva katika mji mwingine, na hata nyumbani alizungumza kama yuko kiti cha pembeni, mguu juu ya breki. Alifika na pikapu, akaupima ua kwa macho, akaona mnyama na nyasi.

"Mama, huyu naondoka naye leo. Nina mtu ana shamba, atakaa vizuri. Tulicheka naye miaka yote hii, sasa basi. Gesi si mchezo."

"Mwanangu, mwache kwanza tunywe chai."

"Chai tutakunywa akishapanda."

Mshona mapazia alimtazama Meneja. Angepinga vipi, na ni yeye aliyemshitaki? Binti alikuwa na haki. Lakini farasi akiondoka, mlango utaamka wazi kesho, na kesho kutwa, na hapo hapatakuwa na wa kutajwa ila mmoja. Binti angemchukua baba yake kama alivyokuja kumchukua farasi, kwa upendo na kwa haraka, na ile karakana ingefungwa na fundi mwingine. Alisimama pale na futi shingoni, akitamani Meneja afanye jambo.

Meneja alifanya. Binti alipoinama kumvuta kamba, akachomolewa ufunguo wa gari mfukoni. Akageuka, Meneja yuko kona ya uani, ufunguo unaning'inia mdomoni. Binti akamfuata, Meneja akazunguka pipa. Akamfuata huku, akazungukia kule. Mwalimu wa udereva alikuwa akihema.

"Baba! Njoo umwambie huyu mnyama wako!"

Fundi akatoka karakana, kofia imekaa upande. Hakumkimbilia Meneja. Alinyoosha kiganja tu, na farasi akaja akakiweka kile kitu pale, kimelowa. Fundi akaufuta ufunguo kwenye shati lake taratibu, lakini hakumpa binti.

"Mwanangu," akasema, "huyu hana kosa."

"Baba, angewaua."

"Sikiliza. Lile jiko kitufe chake unakibonyeza huku unakizungusha. Kubonyeza na kuzungusha kwa pamoja Meneja hawezi. Mimi ndiye niliyempima, najua. Gesi nilifungua mimi, nikasahau kuwasha moto. Nikakaa huku nje nikingoja chai."

Binti alirudi akaegemea pikapu.

"Na mlango ni mimi. Na bomba. Na funguo za watu." Akafikiri kidogo. "Kofia ni yeye. Kofia asizikatae."

Hakuna aliyecheka. Kisha fundi akamgeukia mkewe, na macho yake siku hiyo yalikuwa safi, yako pale pale.

"Na mama yako anajua. Siku ya kwanza kabisa nilimwona. Alikuwa anafuta komeo kavu."

Mshona mapazia alijifunika uso kwa aproni, akalia kwa sauti, mbele ya mwanawe, mbele ya jirani aliyekuwa ametoa kichwa juu ya ukuta. Alikuwa akijidhani amemficha mumewe, kumbe mumewe ndiye aliyekuwa akimwacha amfiche. Meneja akaja nyuma yake, akafungua kamba za aproni.

"Kwa nini hamkuniambia?" binti aliuliza, amekaa kwenye mlango wa nyuma wa pikapu, mikono haina kazi.

"Ungemchukua," mama yake alisema.

Binti alitaka kukana. Alimtazama baba yake, akautazama ufunguo mkononi mwake, akainamisha kichwa. Pikapu ilirudi tupu.

Kazi ya mwisho aliyoifanya fundi kwa mikono yake mwenyewe, bila kusaidiwa, ilikuwa sanduku la bati la kuwekea mtungi wa gesi, nje, nyuma ya jiko. Alilitia kitasa ambacho hakuna mteja wake aliyewahi kuwa nacho. Alikijaribu mara kwa mara, akakipaka mafuta, kisha akaufunga ufunguo kwenye futi ya mkewe ya kupimia, ile ambayo haikutoka shingoni mwake.

"Usinipe," akamwambia. "Nitakuomba, lakini usinipe."

Alimwomba kweli. Mwanzoni kwa heshima, kama mteja. Baadaye kwa ukali, kwa maneno ambayo hakuwahi kumtamkia katika ndoa yao yote, na mkewe akavumilia, akashikilia futi yake. Siku za afadhali alimwuliza tu, mbele ya ndoo iliyofurika, "Ni mimi au ni yeye?" Naye alimjibu kweli, maana walikuwa wamemaliza uongo: "Ni wewe, mume wangu." "Basi sawa," angesema, na kufunga bomba.

Asubuhi moja ya baridi mshona mapazia alikuta mlango wa nyuma wazi. Komeo kavu, kishikio kimelala chini. Mkono ulikuwa bado unakumbuka adabu yake. Mumewe alikuwa uani, kofia kichwani, amesimama mbele ya Meneja kama mtu aliyekutana na mgeni njiani.

"Bibi, samahani," akamwambia mkewe. "Huyu farasi ni wa nani?"

Mshona mapazia aliushika ufunguo kifuani, akausikia baridi yake.

"Ni wetu. Anaitwa Meneja."

"Hapa anafanya kazi gani?"

Akatazama mlango. Akamtazama mumewe, uso wake ulivyokuwa na wasiwasi, ukitafuta pa kushika.

"Anafungua milango," akasema. "Huu wa leo, ni yeye."

Fundi aliinama, akamkagua yule mnyama kutoka kwato hadi nywele za utosini. Uso ukamkunjuka. "Kumbe ni wewe!" akasema, akacheka kicheko chake cha zamani, kile cha siku ya pazia, na Meneja akainua shingo akamvua kofia, akaondoka nayo kuelekea kwenye pipa la maji. Mkewe alishika pembe ya aproni, akainama, akalifuta lile komeo kavu.