Nilivyoshusha tangawizi ya mama kutoka Myamba kwa gari la chini

Wakuu, heshima kwenu. Haya niliyapitia nikiwa nimeshika usukani mwenyewe, hakuna chai hapa.

Kuna jamaa humu kasema mwenye gari la chini asahau milima ya Upare. Nabisha.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zimefunguliwa. Magari ya mtumba ya Japani ndiyo yanaanza kuingia, mshahara haufiki popote. Nilikuwa mwalimu Same mjini. Kaka yangu wa Dar akaniachia kigari chake kidogo cha saluni kilichochoka. Mwanamke na usukani, Same ya wakati ule! Walinicheka sana.

Mama alilima tangawizi kule Myamba. Mnunuzi alikuwa mmoja, bwana mwenye pikapu ndefu ya juu. Bei anapanga yeye.

Msimu huo mama akaikataa bei. Bwana akamwambia, "Basi ibebe kichwani mpaka Same."

Niliposikia, damu ilichemka. Jumamosi nikapanda mlimani.

Kupanda nilifika salama, gari tupu. Tukajaza magunia buti na siti ya nyuma, mama akakaa mbele. Penye mawe ya kwanza tu, kraa! Tumbo la gari likasugua.

Shikeni hili wakuu: ground clearance, ile nafasi kati ya tumbo la gari na ardhi, mnayosoma mtandaoni mara nyingi ni ya gari tupu. Ukipakia, springi zinalala, gari linashuka. Jiwe ulilolivuka ukienda linakukamata ukirudi.

Nikachungulia chini. Sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, imekwaruzwa, ila oili haivuji.

Mara yule bwana akatokea nyuma, honi juu. "Mwalimu, nipe huo mzigo nikusaidie. Bei ileile."

Mama akanitangulia kujibu. "Pita tu baba, njia pana."

Haikuwa pana hata kidogo. Ikabidi asubiri.

Tukashusha magunia yote, tukayabeba hadi ng'ambo ya mawe. Gari likainuka. Sikufuata mifereji iliyochimbwa na malori. Tairi za upande mmoja nikazipandisha kwenye tuta la katikati, nyingine ukingoni, gia namba moja. Mama alitembea mbele akinionyesha mawe kwa mkono.

Tukapita, tukapakia upya. Kila penye mawe mabaya tulirudia hivyohivyo. Mgongo uliniuma hadi machozi, lakini bwana alibaki nyuma yetu, honi kimya.

Sokoni Same wachuuzi waliigombania ile tangawizi. Wiki iliyofuata jirani wa mama akateremka hadi shuleni kwangu.

"Mwalimu, Jumamosi unapanda?"

Nilipanda. Na Jumamosi nyingine pia. Yule bwana akapandisha bei bila kuombwa.

Funzo langu: lijue gari lako likiwa na mzigo, siyo likiwa tupu. Penye shaka shuka, ipite njia kwanza kwa miguu. Punguza uzito kabla ya kulaumu gari. Gari la juu ni zuri, sikatai. Ila asikufungie mtu barabara kwa maneno.

Wenye magari ya chini mlioko milimani, tieni neno. Na wewe unayebisha, njoo na gari lako la juu tukutane Myamba. Nitakuwa nimeshafika.