Jina Nililolisemea Bustanini

Ndege jike yule nilimwonea wivu tangu siku ya kwanza. Nilikuwa nimekaa katika bustani ya zamani ya mji wa Kasongo, ile iliyo karibu na ofisi za serikali, mtoto mgongoni. Juu ya mchikichi, mnana dume, mmoja wa wale ndege wa manjano wanaosuka viota, alikuwa ananing'inia kichwa chini kwenye kiota chake kipya, akipiga mabawa ili jike aje akione. Jike akaja. Akaingia, akavuta jani moja kwa mdomo, akatoka, akaenda zake. Dume akaanza kukibomoa kiota, unyasi mmoja mmoja. Nikasema moyoni: jike huyu hana mama mkwe.

Mimi nilikuwa naye. Alikuja kwa pikipiki kutoka Wamaza siku chache baada ya mimi kujifungua, na kuku waliofungwa miguu na mfuko wa mchele. Nilidhani atakaa mpaka kitovu kidondoke. Kitovu kilidondoka, mtoto akaanza kucheka, akaanza kukaa mwenyewe, na mama mkwe bado yuko kwenye kiti changu cha jikoni, anasema, "Leteni majina yangu." Majina, kwetu, ni mtu mwenye jina kama lako. Mume wangu alisema tangu kabla ya harusi kwamba binti wa kwanza atachukua jina la mama yake, nami nikakubali huku nacheka. Wakati ule nilikuwa nakubali kila alichosema.

Kuna jambo sikulifikiria. Kwetu mwanamke halitamki jina la mama wa mume wake. Hata jirani akiwa nalo, utamwita kwa jina la mtoto wake. Basi nilizaa binti, nikamnyonyesha, nikamwogesha, nikamsafisha mavi, na ruhusa ya kumwita sikuwa nayo. Nilimwita "mama" au "bibi", kama anavyoitwa mwanamke yeyote njiani. Wengine wote walikuwa na jina lake mdomoni. Mume wangu alilitamka akivua viatu. Wifi yangu, ambaye hajawahi kuamka usiku kwa ajili ya mtoto yeyote, alilifanya wimbo wa kutwangia sombe, majani ya muhogo. Mtoto alipofika umri wa kugeuza kichwa, akawa anawageukia wao. Wifi anaita kutoka uani, mtoto anaachia ziwa na kugeuka, maziwa yanadondoka kwenye kikwembe nilichojifunga. Mimi nikisema "bibi", anaendelea kutazama ukuta.

Nilichukia hata jinsi wifi alivyolivuta lile jina mwishoni, kana kwamba amelinunua. Nilitaka mtoto anigeukie mimi, hata mara moja tu.

Ndiyo maana nikaanza kwenda kutazama ndege.

"Unaenda tena wapi na mutoto mu jua?" mama mkwe aliuliza.

"Kupunga hewa, mama. Kule kuko ndege, mutoto anapenda kuwaangalia."

"Ndege? Hapa hakuko ndege?"

Walikuwako. Lakini hapo uani alikuwako na yeye.

Bustanini vifaranga walikuwa wameshatoka mayaini na makelele yalikuwa makubwa. Majike walikuja na wadudu mdomoni, na kila mmoja alikwenda moja kwa moja kwenye kiota chake, katikati ya viota vinavyofanana vyote. Watoto wao walipanua midomo kabla mama hajatua. Niliwatazama mpaka shingo ikauma, na sikuwatakia mema. Kisha nikaangalia nyuma, nikaona hakuna mtu ila mzee mmoja aliyelala kwenye kibaraza, nikalisema jina la binti yangu. Nililisema polepole, kama mtu anayelamba sukari ya wageni. Hakugeuka. Alikuwa na ndege wake.

Nikawa narudi kila alasiri, na kila nikirudi naongeza sauti kidogo. Siku moja nilimkalisha juu ya kikwembe, uso kwenye michikichi, nikarudi nyuma hatua chache. Ndege walikuwa wanagombana, ikabidi niite kwa nguvu.

Mtoto akageuka. Aligeuka mwili mzima mpaka akaanguka ubavu, akacheka.

"Naam," ikasema sauti nyuma yangu.

Mama mkwe alikuwa anatoka sokoni kwa njia ya mkato, beseni la samaki wa Nyangwe kichwani. Alisikia jina lake, akaitika. Halafu akaona ni nani aliyeliita. Kwa aibu nikasahau hata kupiga goti.

Alitua beseni, akanyoosha mikono, akamwita mtoto kwa lile jina, kwa sauti yake tamu ya siku zote. Mtoto akamtazama yeye, akanitazama mimi, akatambaa kuja kwangu.

Niliuona uso wa mama mkwe. Niliujua uso ule. Nilikuwa nimeuvaa miezi yote, kila wifi alipoita kutoka uani.

"Ita tena," akasema.

"Mama?"

"Nimesema ita tena."

Mara ya kwanza ilikuwa bahati mbaya, na kila mtu angenihurumia. Ya pili nisingekuwa na la kujitetea. Nikaita. Binti yangu akanishika kidevu kwa mikono yake yenye mchanga, akabaki ananiangalia.

Mama mkwe alitazama juu kwenye michikichi. "Hawa ndege wako na makelele," akasema, akajitwika beseni. Kwetu mkamwana akilitaja jina lile, anatoa kuku wa kuosha kinywa. "Utanipa kuku mbili," akaniambia. "Ya kwanza ulikosa. Ya pili ulitaka."

Nilimchagulia wanono. Akaondoka nao kurudi Wamaza wiki ile ile, wamefungwa miguu nyuma ya pikipiki. Nilisimama njiani na binti yangu mkononi mpaka vumbi likatulia, kisha nikamwita kwa jina lake, kwa sauti ya kawaida, kama mtu aliyekwisha kulilipia. Wifi alikuwa mlangoni na mchi wake. Alisikia.