Risasi Sita za Halvor

Jeshi lilimkataa mume wangu Halvor mara mbili: mara ya kwanza kwa sababu ya umri, mara ya pili kwa sababu ya vidole viwili alivyoviacha kwenye msumeno wa magogo. Alinuna wiki nzima, hata paka akawa anamkwepa. Kwa hiyo mwaka 1942, ulipoundwa mgambo wa kulinda pwani yetu ya Pasifiki huku Kanada, alikuwa wa kwanza kujiandikisha katika ghuba yetu ya Wanorwei. Mshahara haukuwepo. Kila mmoja alipewa utepe wa kuvaa mkononi na bunduki.

Zilikuwa Winchester za mtindo wa zamani, za kuwindia kulungu, maana bunduki mpya zilikwenda vitani na vijana. Chini yake kuna mkono wa chuma: unausukuma mbele, unaurudisha, risasi imeingia. Ukiusukuma tena kabla ya kufyatua, ile risasi inarukia nje ikiwa nzima. Halvor aliipaka mafuta kila jioni huku akiisemesha maneno ambayo mimi sijayasikia tangu harusi. Sikuona wivu, au niliuona kidogo tu.

Zamu yake ilikuwa Jumamosi asubuhi, kwenye mwamba wa Skarvnes mlangoni mwa ghuba. Kapteni wao, Ewart Pellow mwenye duka, aliwapa sheria moja kuu: mlinzi aite na kuuliza kabla ya kupiga, kwa kuwa maji yale yamejaa watu wetu.

Jumamosi moja ya Machi, mwaka uliofuata, aliondoka akasahau kifungua kinywa. Nikapakia birika la kahawa na mikate ya viazi kwenye mashua yetu, nikaanza kupiga makasia. Ukungu ulikuwa mzito hata ncha za makasia sikuziona. Nilipoukaribia mwamba nikasikia chuma kikilia, kacha-kacha, kacha-kacha, mara sita, kisha viatu vikikimbia kuelekea kiwanda cha samaki, kwenye simu. Nikapanda juu. Halvor hayupo. Kwenye majani yaliyolowa zimelala risasi sita, nzima kabisa.

Nilielewa palepale. Wawindaji wa huku wanaijua hali hiyo: mtu anamwona kulungu mkubwa, kiwewe kinampanda, anausukuma mkono wa bunduki mpaka risasi zote zinamwagika, kidole hakijagusa kifyatulio, na bado ataapa kwamba amezipiga zote. Huwapata wavulana. Halvor alikuwa na miaka hamsini na tisa. Nikazitia mfukoni mwa aproni, nikacheka njia nzima ya kurudi. Nilipanga kumwekea kwenye sahani yake mchana, kando ya samaki.

Kabla ya huo mchana mgambo wote wakaitwa dukani, nasi wake zao tukafuata, maana nani angekubali kupitwa. Halvor alikuwa amepiga simu kwamba ameshambulia boti ya adui. Akaieleza vizuri sana: nyeusi, ndefu, inakwenda bila injini, bila shaka imeshushwa na nyambizi ya Wajapani. Alipiga sita, adui akatokomea. Mtu mmoja akauliza mbona hakuna aliyesikia mlio. Halvor akamjibu kwamba ukungu unameza sauti. Akafungua hata shati kutuonyesha bega lilivyovimba kwa mateke ya bunduki. Bega lilikuwa laini na jeupe kama siagi.

Pellow hakucheka. Alimuuliza kama aliita kwanza.

"Adui hapigiwi hodi, Kapteni."

"Na kama hakuwa adui? Leo asubuhi watu wetu walikuwa majini, bwana. Mlinzi anayempiga mtu bila kumuuliza simwachii bunduki. Iweke hapa mezani. Na utepe pia."

Halvor aliing'ang'ania ile bunduki. Hapo mzaha ukanitoka. Nikinyamaza, ananyang'anywa kitu pekee kilichomrudishia heshima yake. Nikisema, ghuba nzima itamcheka mpaka azikwe. Nikaona afadhali achekwe, bunduki abaki nayo. Nikasogea mezani nikazipanga zile risasi, moja moja.

"Mashua ilikuwa yetu," nikasema. "Ndani nilikuwemo mimi, nakuletea kahawa. Na hukufyatua hata moja, Halvor. Ulizimwaga zote chini."

Duka zima likaangua kicheko. Jirani yetu Torgils akanishika bega: "Shemeji, hiyo kahawa ya Kijapani imebaki?" Nami nikaanza kucheka, nikamtazama mume wangu, nikaacha. Alikuwa hamsikii mtu. Alichukua risasi moja akawa anaigeuza kwa vile vidole vyake vitatu.

"Ragna," akasema, "nilikiona kitambaa chako cha kichwani. Nilidhani kofia ya askari. Nikalenga chini yake kidogo."

Kicheko kikakatika. Mkono wangu ulikwenda kifuani wenyewe, na nikaogopa, saa nne nzima baada ya hatari kupita. Halvor akaiweka bunduki mezani, akavua utepe, akatoka nje kukaa kwenye ngazi.

Pellow akamfuata na vyote viwili. Alimwambia kwamba asiyefyatua hajampiga mtu, na kwamba hatapata mlinzi atakayeita kwa bidii kama yeye kuanzia leo. Halvor akakataa kuvipokea. Ilibidi nimfunge utepe kwa mikono yangu, naye akaniachia mkono wake kama mgonjwa.

Pellow hakukosea. Kwa miaka miwili iliyobaki ya vita, hata jua likiwaka, hata nikiwa hatua ishirini tu kutoka mwambani, Halvor aliniuliza kwa sauti ya kupasua masikio mimi ni nani. Nami, niliyekuwa nimepanga kumtania maisha yangu yote, nilisimamisha makasia nikajibu jina langu, la baba yangu na la mume wangu, polepole, mpaka nimwone ameinamisha mtutu.