Musichana wa Kigoma na Maman Mudogo Wangu

Siku ile ya mutihani tulikuwa watu sita ndani ya saloni ya nyumba yangu, hapa Bukavu, saa sita ya muchana, bukari, ugali wetu, imefunikwa mezani. Nilikuwa mimi, mwenye nyumba. Kando yangu maman mudogo, dada mudogo wa mama aliyenizaa. Ananipita miaka miwili tu, lakini ni mama yangu. Kisha mukwe wangu, muke wa mutoto wangu wa kwanza. Kisha binti yake, mujukuu wangu, aliyekuwa anamaliza sekondari. Kwenye kiti cha karibu na mulango, profesa mumoja muzee aliyekuja kusikiliza. Na katikati, amesimama, mikono nyuma, musichana wa Kigoma aliyekaa kwetu miezi mitatu kujifunza Kifaransa. Majina yao yote ninayo, na ya baba zao, lakini sikuwaomba ruhusa, basi ninayaacha.

Kwetu hatukuli na mugeni mbele ya kujulisha. Mutu mumoja anasimama, anaanza na mukubwa kuliko wote, anasema huyu ni nani, mutoto wa nani, anatuhusu namna gani, mpaka kwa mutoto wa mugongoni. Chakula kipoe, si kitu. Ndani ya nyumba hii kazi hiyo ni yangu tangu mama mukwe alipofariki. Siku ile nilimuachia musichana, sababu mutihani wake ulikuwa njo huo.

Chuo chake kilikuwa kimemutuma: miezi mitatu katika muji wa Kifaransa, na mwisho profesa wa huku atakuja kumusikiliza ndani ya familia alimokaa. Akianguka mutihani, anarudia mwaka muzima, wenzake wanamuacha.

Musichana alivuka mupaka wa Ruzizi kwa miguu, anavuta sanduku moja. Tulimupokea na mukwe wangu. Akatuambia kwa Kifaransa sentensi moja aliyoitayarisha njia yote, jasho linamutoka. Mukwe wangu akamuonea huruma, akamuambia:

"Mwanangu, sema tu Kiswahili. Hapa ni kwenu."

Kosa letu lilianzia pale. Tulimupenda, njo maana tulimuharibia. Sokoni Kiswahili, kwenye misa Kiswahili, jikoni Kiswahili. Kisha miezi miwili alikuwa anasema "iko" na "mutoto" kama mutu aliyezaliwa Kadutu, hapa hapa Bukavu, na Kifaransa chake kimelala ndani ya daftari.

Siku moja mwalimu wake akapiga simu kutoka Kigoma. Mimi nilikuwa pale ninachagua maharagi, nikasikia kila neno.

"Nilikutuma Bukavu ukajifunze Kiswahili?"

Musichana akaweka simu chini, akaanza kuchagua maharagi pamoja na mimi. Alikuwa anatupa mazuri, anaacha mabovu.

"Koko," akasema, kama mujukuu anavyoniita mimi bibi yake, "nikianguka, nitamuangalia baba na macho gani?"

"Nani alikuambia utaanguka?"

"Imebaki wiki ine."

"Wiki ine watu wanajenga nyumba na wanaingia ndani. Acha maharagi yangu."

Siku ile ile nikaita watu wote. Nikawaambia: kuanzia kesho, Kiswahili kinabakia inje pamoja na viatu. Mujukuu wangu akacheka mpaka akashika ukuta.

"Na weye, koko? Weye unajua Kifaransa gani?"

"Ninajua kuhesabu, ninajua kusali, na ninajua kukugombeza. Inatosha kuanza."

Haikutosha. Mimi nilitoka masomoni mwaka wa tatu wa primere, shule ya musingi. Sokoni tunahesabu kwa Kifaransa kama kila mutu, lakini kusimulia jambo, hapana. Siku mbili nilikuwa bubu ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Nikitaka chumvi, ninaonyesha na kidole. Mukwe wangu alisikia raha yake, nilimuona. Siku ya tatu nikakasirika. Nikamukalisha musichana mbele yangu, nikamupa kalamu, nikamufanyia alama: nifundishe. Nilitaka anifundishe kujulisha watu wangu kwa Kifaransa, kitu ambacho hata padiri akikuja ninafanyaka kwa Kiswahili.

Basi kila siku, kisha kuosha vyombo, tulikaa. Mimi niko na kichwa kigumu, na tulipofika kwa maman mudogo tukashindana kabisa. Aliandika "tante". Nikakataa. Tante ni shangazi, dada ya baba. Huyu ni mama.

"Mais koko, en français..." Lakini koko, kwa Kifaransa...

"Non."

Ile "non", hapana, nilikuwa nayo nzuri sana. Akaeleza. Nikakataa. Akaeleza tena kwa njia ingine, na mikono, na michoro, akasimama, akakaa. Mujukuu aliyekuwa anatusaidia akachoka, akajiendea. Sisi tukabaki. Kesho yake vile vile. Hasira yangu na yake njo ilimufungua kinywa, kila siku maneno marefu kuliko ya jana. Mimi, wiki ine zote, nilitoka na sentensi moja safi: "Et celle-là, c'est qui?" Na huyu, ni nani?

Basi saa sita ile akasimama, akanyoosha mukono kwa maman mudogo. "Voici..." Yaani, huyu ni... Hakujua tena amuite tante ao mama. Profesa alikuwa na kalamu yake. Mimi Kiswahili kilinijaa kinywani. Mukwe wangu akanikanyaga muguu chini ya meza. Sikukitoa. Nilikuwa nimekataza wote, singevunja mimi. Nikaonyesha maman mudogo na kidole, nikasema kwa sauti yote:

"Et celle-là, c'est qui?"

Musichana akaniangalia, na nikaona ile hasira ya kisha kuosha vyombo inamurudia. Akasema, yote kwa Kifaransa, mujukuu alinitafsiria kisha:

"Huyu ni mama ya koko. Vitabu vyangu vinamuita tante, na vitabu havimujue. Mama akiwa na dada, dada ni mama."

"Basi koko iko na mama wangapi?" profesa akauliza.

"Watano. Wane walikufa."

Na akasimulia juu ya wale wane: ule aliyenizaa, ule aliyeolewa Sange, ule aliyelima Kavumu, ule aliyecheka vibaya kanisani. Profesa akaweka kalamu. Musichana akapita kwa mukwe, kwa mujukuu, kwangu. Nilifikiri amemaliza. Kumbe akamugeukia profesa, sababu mugeni naye anajulishwa, na akamuuliza yeye ni mutoto wa nani. Muzee wa watu akaanza kujibu: baba wa wapi, mama wa Luhwindja, dada za mama wangapi. Sasa yeye njo alikuwa kwenye mutihani.

Tulikula bukari baridi.

Kisha wiki mbili musichana, amesharudi kwao, akanipigia. Alisema yote kwa Kifaransa. Nilikamata "koko" na "réussi". Amepita. Nikamujibu "non", juu ya kumuchokoza, akacheka.

Mujukuu wangu amesoma karatasi hizi. Anasema profesa hakukaa karibu na mulango, alikaa chini ya kalenda ya parokia. Mimi ninamuona mulangoni. Kama ulikuwa pale, ao kama mumoja wetu alikusimulia, na unaona nimekalisha mutu mahali si pake, kuja unisahihishe. Lakini kwanza utasimama useme weye ni mutoto wa nani, na maman mudogo usimuite tante.